Tarehe Nje

"Soma."

"Nisome nini?"

"Hapo hapo kidole chako kilipo. Soma kwa sauti, Daktari asikie."

"Usinipande kichwani. Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Sijauliza nani kanizaa. Nimesema soma."

"Mbele za watu?"

"Wewe uliponisema, ulinisemea wapi? Chumbani?"

Gurudumu lilikuwa limeegemea pipa la maji tunalopimia pancha. Baba amepiga goti mbele yake, kidole juu ya maandishi ya ubavuni mwa tairi, na kidole kile, ambacho nimekiona kikiingia ndani ya tairi la lori na kuutoa msumari kwa kupapasa tu, kilikuwa kimekwama pale pale. Daktari amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mimi nimesimama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kabla ya siku ile sikuwahi kusimama baba akiwa chini.

Nilikuwa na hasira, lakini si ile ya kutia giza machoni. Ile iliniwashia taa. Niliona kila kitu, mpaka kipande cha risasi cha kubalansi magurudumu kilichonasa kwenye soli ya kiatu cha baba.

Gari lilikuja kwetu kiangazi, likichechemea. Jekundu, milango miwili, limelala chini karibu na ardhi kama paka anayenyemelea kitu, na injini yake inanguruma hata likiwa limesimama. Rimu ya mbele kulia imepinda, ya nyuma yake ina ufa unaoingia ukucha. Nilitegemea ateremke kijana mwenye miwani ya jua na manukato. Akateremka mama wa makamo, mvi zimeanza kuchungulia, amevaa vile viatu vya mpira vya watu wa hospitali. Daktari wa meno. Gari alilinunua likiwa bovu, akalifufua kwa mkono wake miaka minne, kila Jumapili boliti mbili tatu.

"Shimo," alisema, akionyesha rimu. "Nilikuwa nalijua tangu mwaka jana, tukawa tunaheshimiana. Siku hiyo likanivunjia heshima."

Alitaka seti nzima mpya, rimu na matairi. Akatoa simu, akatuonyesha picha ya rimu nyeusi za inchi kumi na tisa, zina miguu myembamba kama ya buibui.

"Hizi mnazo?"

"Tunazo," baba akasema haraka. "Na ndizo zenyewe. Gari la maana livae viatu vya maana."

Tulikuwa nazo kweli. Zilikuwa stoo mwaka mzima zimefunikwa nailoni, kila mteja anazitazama, anazisifu, anaondoka.

"Usichukue hizo," nikasema.

Baba akanikata jicho. Mama yule akamgeuzia baba bega, akanitazama mimi.

"Kwa nini nisichukue?"

Mambo yote yalianzia hapo, kwenye bega lile. Miaka minane nilikuwa nimefanya kazi kwenye ile karakana, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kwa nini. Waliniuliza saa ngapi itakuwa tayari.

Nikamwambia. Ukiongeza rimu unapunguza tairi, ubavu unabaki mwembamba kama kipande cha mkate wa mgonjwa. Shimo lile lile lililopinda hii litaivunja ile. Na tena zile zimemiminwa kwenye kalibu kama sufuria, nzito, zikigonga zinapasuka. Chukua za inchi kumi na nane, zile zilizofuliwa kama jembe la mhunzi. Nyepesi, na zikizidiwa zinapinda, hazikatiki ukiwa mwendoni.

"Uzito una shida gani? Injini ninayo."

"Injini inasukuma gari. Lakini gurudumu liko chini ya springi, kila shimo linapigwa lenyewe. Vaa buti la kilo tano kila mguu, halafu kimbia. Mapafu uwe nayo ya farasi, utachoka tu."

Akacheka, na meno yake, nitasema ukweli, yalikuwa tangazo zuri la kazi yake.

"Haya umesomea wapi?"

Sikuwahi kufungua mdomo. Baba alishajibu.

"Huyu? Shule ilimshinda huyu. Kidato cha pili, kwaheri. Kilichobaki ni mikono, ndiyo natumia hiyo."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Aliitoa kwa wenye malori, kwa wauza vipuri, kwa mchungaji wa dada yake, kwa askari wa usalama barabarani. Aliitoa akicheka, akinipiga kibao cha bega, na wao wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ukishaitwa mjinga ukanuna unakuwa mjinga mwenye gubu. Halafu akishamaliza kunivua nguo ananiita Profesa. "Profesa, njoo unisomee hapa, macho yamejaa vumbi." Siku nyingine ni jua. Siku nyingine miwani ameisahau nyumbani. Nilikaa naye nyumba moja miaka yote hiyo na miwani hiyo sikuwahi kuiona, wala sikuwahi kujiuliza. Nilikuja mbio, nikasoma saizi, nikasoma uzito, nikasoma ile herufi ya mwendo wa mwisho wa tairi, nikarudi kwenye jeki.

Mama, alipokuwa hai, ndiye aliyekaa ofisini. Alisoma, aliandika, alijibu simu. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikiwa na kumi na minne, likizo imeanza, nasubiri matokeo, baba aliingia jikoni nikiwa naosha vyombo, akasimama mlangoni.

"Barua ya shule imekuja," alisema. "Umefeli. Kesho unakuja kazini."

Sikuiomba niione. Nani anaomba kuona maiti yake? Shangazi alikuja kugomba, nikamsikia baba sebuleni akimwambia, "Dada, kijana ameshajua kusoma. Inatosha." Nililala na neno hilo kama mtu aliyepewa peremende msibani. Nikasema angalau baba anajua kuwa najua kusoma.

Turudi kwa Daktari. Baada ya ile "shule ilimshinda" yeye hakucheka. Alisema tu, "Basi shule imepata hasara," akaniomba tuendelee. Baba akaondoka, akaenda uani kupiga nyundo tairi la lori, na alilipiga kuliko lilivyostahili. Kwa hiyo yaliyofuata hakuyasikia. Nalisema hili mapema kwa sababu lina uzito.

Tulipima tundu la katikati la rimu, yeye ameshika mwisho mmoja wa kipimo, mimi mwingine, tukahakikisha linakaa kwenye shingo ya ekseli bila kucheza. Kisha nikamtolea matairi mawili ya mfano. La kwanza mifereji yake yote inaelekea upande mmoja, na ubavuni limechorwa mshale: gurudumu lizunguke hivi. La pili halina mshale. Lina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja mifereji mingi, mwingine umejaa kama ukuta.

"Huu wenye mifereji unakaa ndani, unakunywa maji," nikamwambia. "Huu uliojaa unakaa nje, unashika kona. Mvua inakuja mwezi ujao. Ningekuwa mimi ningechukua hili."

"Ukifunga kinyume?"

"Utakuwa unakata kona juu ya sabuni. Lakini huwezi kufunga kinyume. Limeandikwa ubavuni, ndani na nje, kwa Kiingereza cha darasa la tatu. Mpaka uwe kipofu."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Akachagua la pili. Tukaagiza, wiki mbili. Kabla hajaondoka akaniambia kuna bwana anamfahamu, ana gereji ya magari ya mashindano, anatafuta fundi wa matairi mwenye akili ya kujieleza. "Nimpe namba yako?" Nikasema mpe. Yule bwana akapiga siku ya tatu, tukaongea nusu saa, akanihoji mpaka upepo ninaojaza siku ya joto na siku ya baridi. Akasema njoo, akanitajia Jumatatu ya kuanza kazi. Nilimwambia baba jioni ile ile, tunakula. Aliendelea kutafuna. Akasema, "Sawa," akanyanyuka, akaenda kuosha mikono muda mrefu sana.

Sasa nieleze jina la baba. Mjini pote anaitwa Mzee Tarehe. Kila tairi lina namba nne ubavuni, wiki na mwaka liliotengenezwa, na mara nyingi namba hizo ziko upande mmoja tu. Wauzaji wengi wanazificha kwa ndani, wanalipaka tairi dawa ya kung'arisha, wanakuuzia kitu cha miaka saba kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Baba hakuwahi. Yeye alifunga kila tairi namba zikiwa nje, mteja ainame ajisomee mwenyewe. "Tarehe nje," alikuwa akisema akikaza nati ya mwisho, kama mtu anayemaliza sala. Watu walivuka karakana sita kuja kwetu kwa ajili ya maneno hayo mawili. Namba alizijua vizuri sana. Namba alizijua tangu ujana, kwenye mizani za sokoni.

Matairi ya Daktari yalikuwa yafike Alhamisi. Yakafika Jumatano. Asubuhi hiyo baba alinituma kwenye greda lililokwama kwenye barabara inayojengwa, mwendo wa saa mbili, tairi lenyewe refu kuliko mimi. Niliporudi jua linazama, mwili mzima vumbi, nikakuta rimu za zamani za Daktari zimepangwa ukutani.

"Amekuja?"

"Nilimpigia mimi, akaliacha akaenda kazini. Nimelifunga mwenyewe," baba akasema. "Unadhani nilikuwa nafunga matairi na mikono ya nani kabla hujazaliwa?" Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake ya sala, "Tarehe nje."

Nilikasirika. Lile gari lilikuwa langu, kila kipimo chake kilitoka kichwani mwangu, na amelifunga ili anionyeshe. Nikaenda kuoga bila kumsemesha. Hapo ndipo na mimi nina langu la kujibu. Kama ningekuwa sijanuna ningeuliza tarehe iko upande gani wa lile tairi. Ningekwenda kulitazama la mfano, lilikuwa pale pale stoo. Sikwenda. Nilikaa chumbani nikihesabu siku za kufika Jumatatu.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa alfajiri. Saa nane mchana gari la kuvuta likaingia getini likiwa na lile jekundu mgongoni, pua yake imekunjamana upande mmoja, taa moja inaning'inia kwa waya kama jicho lililong'oka. Dereva akasema mzunguko wa barabara karibu na zahanati, mama amepiga kona ya kawaida kabisa, nyuma ikakimbia, likazunguka mara mbili likakumbatia nguzo. Mama mwenyewe? Mzima. Mkono tu.

Mkono tu. Wa kulia. Wa daktari wa meno.

Nilichuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Nikasoma. Nikaenda la nyuma, nikasoma. Nikazunguka upande wa pili nikiwa nimeinama, sikunyanyuka, natembea kama bata. Yote manne yalinitazama na neno moja, herufi sita kubwa zimetuna kwenye mpira: la Kiingereza, maana yake ndani. Ndani, liko nje. Na chini yake, zimeoshwa na mvua, zinasomeka vizuri kabisa, namba nne za tarehe.

Matairi ya namna ile yana karatasi yake, imechorwa, imeandikwa, inaeleza yafungwe vipi. Nikasema labda haikuja. Nikakimbilia ofisini. Baba hutunza karatasi zote kwenye kopo la biskuti, kila karatasi iliyowahi kuingia mkononi mwake, hatupi hata tangazo la kanisa. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo. Karatasi ya matairi nikaikuta juu kabisa, ndani ya mfuko wake wa plastiki, haijafunguliwa. Nikaanza kufukua nikitafuta stakabadhi ya oda, na kadiri nilivyokwenda chini ndivyo nilivyokuta vilivyofungwa: barua ya benki imegundishwa, barua ya bima imegundishwa, na chini, karibu na bati, bahasha ya kaki iliyobadilika rangi, ina muhuri wa mwenge na kitabu. Nembo ile ile iliyokuwa kwenye mfuko wa shati langu la shule.

Niliigeuza. Gundi yake ilikuwa nzima. Miaka minane.

Niliichana nikiwa nimesimama. Karatasi mbili. Ya kwanza matokeo: nafasi ya tatu kati ya wanafunzi arobaini na sita. Ya pili barua fupi ya mwalimu mkuu, kwa mkono, kwamba amesikia mzazi anataka kumwachisha kijana baada ya msiba, anamwomba sana asifanye hivyo, kijana ana kichwa, nafasi yake itashikiliwa mpaka muhula uanze na zaidi kidogo.

Sikulia. Nilikumbuka tu, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa vitu kwenye mfuko uliotoboka. Vumbi. Jua. Miwani. Mama ofisini. Ameshajua kusoma, inatosha. Mtu huyu alisimama mlangoni mwa jikoni, akanisomea barua ambayo hakuifungua. Na akaniita mjinga miaka minane, kwa watu, akicheka, ili kila mmoja anitazame mimi, asije akamtazama yeye.

Nje nikasikia teksi, kisha sauti ya Daktari, haina kicheko tena, inauliza kwa nini maandishi ya ndani yako nje. Kisha sauti ya baba.

"Ni huyu kijana wangu, Daktari, kama nilivyokwambia kwenye simu. Ndiye aliyefunga. Nimemwambia mara ngapi kazi haitaki haraka. Akili yake siku hizi iko kwenye hiyo Jumatatu yake. Ndiyo hivyo, shule ilimshinda, na sasa naona hata hii inamshinda."

"Nimeshampigia yule bwana," Daktari akasema. "Nimemwambia asimchukue. Sikutaka kufanya hivyo, lakini mtu mwingine angekufa."

"Umefanya vizuri," baba akasema. Akavuta pumzi. Niliisikia kutoka ofisini, ile pumzi, ya mtu aliyetua mzigo. "Atakaa hapa hapa, ajifunze vizuri."

Nikaweka bahasha kwenye mfuko wa shati. Nikatoka. Sikumsalimia Daktari, Mungu anisamehe. Nikaweka jeki chini ya gari, nikafungua nati tano, nikalitoa gurudumu la mbele, nikaliviringisha mpaka kwenye pipa.

"Baba, njoo."

"Unafanya nini wewe?"

"Njoo umwonyeshe Daktari nilipokosea. Wewe ndiye mwalimu. Weka kidole hapa."

Akapiga goti, kwa sababu Daktari alikuwa anatazama, na fundi hawezi kukataa kulitazama tairi. Akaweka kidole. Hapo ndipo tulipokuwa.

"Soma," nikasema tena.

"Kizungu hicho," baba akasema. "Mimi na Kizungu tulikutana wapi?"

"Sitaki unitafsirie. Sitaki hata neno zima. Nitajie herufi ya kwanza tu."

"Kijana," Daktari akasema, polepole. "Kijana, basi."

Alishaanza kuelewa. Watu wanaochungulia vinywa vya wenzao wanajua mtu anapoficha kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika mbali.

"Moja tu, baba. Ya kwanza."

Herufi ya kwanza ya lile neno ni mstari mmoja umesimama wima. Hauna mkono wala mguu. Baba aliutazama. Akaupitisha ukucha kutoka juu mpaka chini, kama anavyofanya akitafuta ufa, na nikaona uso wake unalegea, unapata nafuu, kwa sababu amekutana na kitu anachokijua.

"Moja," akasema.

Kompresa ilikuwa inaunguruma tangu asubuhi. Ikajaa, ikajizima yenyewe.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeingoja dakika ile kwa roho yangu yote, tangu ofisini, nikidhani nitashiba. Baba alitazama uso wangu, kisha wa Daktari, akajua amekosea lakini hajui wapi, na kidole bado kipo pale pale kwenye ule mstari, hakuthubutu kukiondoa.

"Mzee," Daktari akasema, "nani alifunga haya matairi?"

Maji ya mvua yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, tone moja moja, kwenye rimu ya zamani.

"Mimi," akasema. "Yeye siku ile hakuwepo. Nilimtuma kwenye greda."

"Na kwa nini uliniambia ni yeye?"

"Jumatatu alikuwa anaondoka."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekutajia saa. Daktari akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua yalikuwa na hasira yake mwenyewe, na haikuwa ndogo kuliko yangu.

"Sasa nisikilizeni nyote wawili. Mimi sikuja hapa kusuluhisha nyumba ya mtu. Nina huu mkono. Wiki nane siwezi kung'oa hata jino la maziwa, na baada ya hizo nane sijui kama vidole vitarudi vilivyokuwa. Wewe mzee ungeniomba mimi nikusomee, ningekusomea, ungeona aibu gani? Na wewe," akanigeukia, "ulikuwa na njia nyingine ya kumwambia." Akasimama, akaukumbatia mkono wake wa plasta. "Gari liacheni kama lilivyo, msiliguse tena. Nitatuma watu. Yule bwana nitampigia, nitasema nilikosea. Jumatatu nenda."

Akaenda kwenye teksi yake. Hakuaga.

Tukabaki wawili. Baba akanyanyuka, magoti yakalia. Akachukua tambaa, akafuta kidole kimoja kimoja, kazi aliyoifanya kila siku ya maisha yake, ila siku ile mikono haikuwa na uchafu. Nilimsubiri aseme kitu. Nilikuwa na majibu tayari, mabaya, nimeyapanga kama spana ukutani, kubwa kwa ndogo. Angesema samahani ningekuwa na jibu. Angenifukuza ningekuwa na jibu.

Macho yake yakatua kwenye mfuko wa shati langu. Bahasha ilikuwa imechomoza, mwenge na nusu ya kitabu.

"Hiyo umeitoa kwenye kopo," akasema.

"Ndiyo."

"Umeifungua."

"Nimeifungua."

Akakunja lile tambaa mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Alipoongea, sauti yake haikuwa ya Mzee Tarehe wala ya mtu aliyeniita Profesa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza dirishani, hajui kama ndani kuna mtu.

"Ilisemaje?"

Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Maneno machache tu, hayazidi ya kwenye tairi. Nikamtazama vizuri, macho yake mawili mazima, hayana vumbi, hayana jua, yananisubiri kama yalivyonisubiri miaka minane nije mbio nisome.

Nikaisukuma bahasha mpaka chini ya mfuko, nikafunga kifungo, nikageuka, nikatoka getini.